Kazi ya Muitaji

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, ikatukuta katikati ya mchezo barazani kwa Hubert. Tulisogeza meza hadi ukutani tukaendelea. Mama yangu, Mama Henriette, anasema watu wazima wanaokaa kujidanganya kwa hadithi tangu misa iishe mpaka jioni wamekosa kazi. Lakini alikuja na kiti chake mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho, na njiani akaniuliza kama lile joka la hadithini litarudi Jumapili ijayo.

Hubert anafundisha historia katika shule moja hapa Kalemie, pale ninapofundisha Kifaransa. Mchezo aliuleta kutoka Lubumbashi likizo iliyopita: kitabu kinene cha Kifaransa na dadu zenye pande nyingi. Yeye ndiye mwenye meza, yaani anasimulia: mmefika kwenye daraja, limevunjika, mnafanya nini? Sisi wengine kila mmoja ni mtu ndani ya hadithi, anasema anachofanya, na dadu inaamua kama amefaulu. Kila mmoja anachagua kazi. Marceline, fundi cherehani, ni mwizi, na anaiba vizuri kupita inavyomfaa mke wa mtu na mwimba kwaya. Mimi ni padri, maana nimeshazoea kukemea. Mdogo wangu Firmin, anayetengeneza injini za boti bandarini, ni mchawi, na hajafurahi.

"Muchawi gani huyu?" alisema leo. "Anajifunza dawa asubuhi, anaisema mara moja, kisha inafutika mu kichwa! Kwetu nani aliona muchawi wa namna hiyo?"

Hubert alicheka. Akatueleza kwamba kazi hizo hazikutoka kwa wahenga wala kwa wanahistoria. Waliotunga mchezo walikuwa wasomaji wa vitabu vya bei rahisi, vile vya kusomwa safarini na kuachwa kwenye kiti. Kila shujaa waliyempenda walimgeuza kazi. Mpiganaji wa nchi za baridi katoka kitabu hiki, mwizi mdogo katoka kile, na huyu mchawi msahaulifu katoka kwa mwandishi mmoja aliyetaka tu hadithi yake isogee. "Muntu mumoja alibuni," alisema, "na leo wachezaji wa dunia muzima wanasahau pamoja naye."

"Basi na siye tuko na vitabu vyetu," Firmin akasema.

Jumapili, 12 Oktoba

Kumbe vitabu vyetu alikuwa navyo Mama. Si vyenyewe, hivyo viliishia kufungia karanga, bali hadithi zake. Alipokuwa msichana, wachuuzi wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, walileta vijitabu vya jalada la njano pamoja na sabuni na kanga, na wasichana wa Kalemie walivigombania. Shujaa wake aliitwa Muitaji. Anasimama ufukweni, anamwita aliyezama kwa jina lake, na ziwa linamrudisha apate kuzikwa. Lakini kila akiita, jina moja la mtu anayemjua linafutika kichwani mwake. Mama hajui mwisho. Vita vilikuja, wachuuzi wakaacha kuvuka, na kitabu cha mwisho hakikufika.

Alisimulia kwa sauti ndogo, na Marceline akasahau kutafuna.

Basi tumetengeneza kazi mpya. Firmin ni Muitaji. Alitaka alipe kwa majina ya kubuni, nikakataa. Jina la kubuni halimuumi mtu, nilimwambia. Lazima liwe jina la mtu unayemjua kweli, ulitamke kwa mara ya mwisho, na toka hapo usiliseme tena mezani. Hubert alisema eti Madame Adolphine, yaani mimi, ana roho ngumu. Lakini wote waliipenda sheria yangu, na Firmin kuliko wote.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Nguo hazikauki, na daftari za wanafunzi zinanuka ukungu.

Jumapili, 19 Oktoba

Baraza la Hubert linatazama ziwa, na watu wa mtaa wameanza kuja kutufuatilia kama wanavyofuatilia mchezo wa redioni. Wamama wauza mandazi wanaweka beseni zao ukutani na kuulizana yaliyotokea wiki iliyopita.

Leo katika hadithi, mtoto wa mfalme alizama. Firmin aliinuka, akageukia ziwa, akamwita. Sikujua mdogo wangu ana sauti ile. Haikuwa kubwa, ilikuwa ya mtu anayemwita mwenzake aliyeko chumba cha pili na anajua atakuja. Wamama waliacha kuuza. Dadu ikaanguka vizuri, mtoto akarudi, na Firmin akalipa: "Papa Kyungu." Huyo ni jirani yetu mwenye mbuzi wanaokula maua ya Mama. Tulicheka sana.

Jumanne, 21 Oktoba

Asubuhi Firmin alimsalimia jirani. "Jambo, Papa," akasema, kisha akanyamaza mdomo wazi. "Papa wa mbuzi," akamalizia. Nikamwambia anaigiza vizuri. Hakucheka.

Jumapili, 26 Oktoba

Firmin ameita tena. Safari hii alilipa kwa "Joëlle", msichana aliyemwacha mwaka juzi akaolewa Kongolo. Baraza zima lilipiga makofi. Marceline akasema kumbe mchezo ni dawa, angeujua mapema angemfuta mama mkwe wake.

Jumatano, 29 Oktoba

Nilimuuliza Firmin tukiwa tunakula. Nikamwambia, yule msichana wako, anaitwa nani?

Anamkumbuka. Anakumbuka pengo la meno yake, anavyoanzia samaki mkiani, kanga aliyomnunulia sikukuu ya Pasaka. Jina hana. Alilitafuta huku ameshika tonge, jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. "Yaya," akasema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "iko hapa, lakini haitoki." Nikamtajia mimi. Alinitazama kwa adabu kama mtu aliyeambiwa neno la Kichina, na baada ya kunywa maji akaniuliza tena nimesema nani.

Naogopa. Naandika hivyo wazi, kwa sababu mchana nitajifanya siogopi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimemwambia Hubert tuifute kazi ya Muitaji. Alianza kunihutubia juu ya nguvu ya mazoea na akili. Nikampeleka kwa Firmin, akajaribu mwenyewe kumfundisha jina la Papa Kyungu, mara tisa kumi. Akarudi amepauka. Mchezo umefungwa. Dadu ziko kwenye mfuko wa sukari juu ya kabati lake.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Tulipalilia kaburi la Papa, baba yetu, Mama akapanga mishumaa, upepo ukaizima yote.

Tukitoka makaburini, mwanamke nisiyemjua alimshika Firmin mkono. Mtoto wake alichukuliwa na ziwa mwaka jana na hajaonekana. Akamwomba amwite. Firmin akamweleza vizuri, kwa heshima, kwamba ule ni mchezo tu, mambo ya vitabu.

"Najua, Papa," mwanamke akasema. "Lakini weye ndiye unaita muzuri."

Ijumaa, 7 Novemba

Ziwa linapanda. Kule mtaa wa Kataki maji yameingia tena kwenye nyumba za chini, watu wanahamisha magodoro.

Ijumaa, 14 Novemba

Dhoruba tangu asubuhi. Mabati mawili ya shule yameruka. Prospère, mume wa Marceline, yuko njiani kutoka Moba na boti ya mahindi. Marceline amekuja kwetu, amekaa, ameondoka, amerudi.

Jumamosi, 15 Novemba

Boti imezama. Wamepatikana watu wanne wakishikilia madumu. Prospère si mmoja wao.

Jumatano, 19 Novemba

Leo nilikwenda kukaa na Marceline, na natamani nisingekwenda.

Katika ukoo wa Prospère, aliyezama haliliwi mpaka mwili uonekane. Hakuna mkeka, hakuna matanga, hakuna wimbo. Kulia ni kumuua, wanasema. Labda yuko kwenye mwamba fulani anangoja mashua, na machozi yako yakamfikia kabla ya mashua. Kwa hiyo mama mkwe anapika kila siku, na Marceline anaandaa sahani ya mume wake mezani, na maji ya kunawa, na kitambaa. Jioni wanaifunika. Asubuhi wanawapa kuku. Nimeiona kwa macho yangu: ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwa, na kiti kimevutwa kidogo nyuma, tayari kwa mtu kukaa.

Marceline anashona. Haachi kushona. Macho yake ni makavu na mekundu pembezoni. Mama mkwe alipotoka kuchota maji, aliniinamia akanong'ona haraka haraka.

"Adolphine, siko mujane, siko bibi ya muntu. Niko nini? Wanne wale walimuona akizama. Walimuona! Na miye niko nanawisha kiti."

Nikamshika mkono. Akautoa, kwa sababu hatua za mama mkwe zilisikika, na kushikana mikono ni kama kulia.

Jumamosi, 22 Novemba

Walikuja wote wawili, Marceline na mama mkwe wake. Bibi yule hakukaa. Alisimama mlangoni akamtazama Firmin, aliyekuwa anasafisha kabureta kwenye beseni.

"Mutoto wangu," akamwambia, "nilikusikia kwa mwalimu. Niliuza mandazi pale. Uniitie Prospère."

Mama alisema hapana. Alisema kwa sauti ambayo tulipokuwa watoto ilitufanya tushuke mtini. Majina mawili yameshatoka kwenye kichwa cha mtoto wake, na hatatoa la tatu. Sasa atalipa kwa nani? Kwa dada yake? Kwa yeye aliyemzaa?

"Si ni muchezo?" bibi akauliza. "Kama ni muchezo, munaogopa nini? Na kama si muchezo, munaninyima mutoto wangu."

Mimi niliyetunga sheria ya kulipa nilikuwa nimesimama pale na kisu cha vitunguu, nikarudi kukata kitunguu. Nilimwonea Marceline huruma, na hapo hapo nilitaka aondoke nyumbani kwetu asirudi.

Firmin alikausha vidole kimoja kimoja. "Mama, miye niko nasikia yule muntu," akasema. "Tangu Ijumaa ile. Sisikii sauti, lakini nikisimama bandarini najua ni upande gani. Nikiendelea kunyamaza nitakuwa muntu wa namna gani?"

Mama akaingia chumbani akafunga mlango.

Jumapili, 23 Novemba

Niandike polepole.

Tulikwenda baada ya misa, karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Hatukumwambia mtu, lakini watu walikuwepo: wamama wa mandazi, wavuvi, yule mwanamke wa makaburini. Hubert alikuja bila dadu. Ziwa lilikuwa tulivu kupita kiasi, hata ndege hawakuwa juu yake. Mama alikuja mwisho. Alisimama upande wangu.

Firmin alivua viatu, akaingia maji ya magoti, akaita.

"Prospère."

Mara moja tu, kwa sauti ile ile ya chumba cha pili. Mbali kidogo, maji yalijikunja kama kitambaa mtu anapokivuta kwa chini, kisha yakalala. Mtoto mmoja alianza kulia, akazibwa mdomo.

Kisha Firmin akageuka kutulipia.

Nilijua itakuwa mimi au Mama. Majina ya juu juu hayangetosha. Jambo hili halikuwa mtoto wa mfalme. Nikaomba: lisiwe langu. Nikashtuka, maana kama halikuwa langu nilikuwa nimeomba liwe la nani? Mama alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, na sitamuuliza kamwe aliomba nini.

Alitutazama mmoja mmoja. Mama, mimi, Hubert, Marceline. Alituangalia kwa upendo, siwezi kuliandika vinginevyo. Akatabasamu kidogo.

"Firmin," akasema.

Jumatatu, 24 Novemba

Prospère amepatikana alfajiri, kwenye matete, hatua chache kutoka pale tuliposimama jana. Uso wake haukuharibika.

Matanga yameanza. Marceline alilia kilio ambacho kilisikika mpaka sokoni, akajitupa kwenye mkeka, akararua kitambaa cha ile sahani. Bibi naye alilia, wakakumbatiana. Nimewahi kwenda harusi zenye furaha ndogo kuliko kilio kile.

Wanaume walimwita mdogo wangu awasaidie kubeba jeneza. Walimwita mara nyingi. Alikuwa karibu nao, anatazama ziwa, na hakugeuka. Ikabidi nimguse bega.

"Yaya Adolphine," akaniambia, "walikuwa wanatafuta nani?"

Alhamisi, 27 Novemba

Anatujua sote. Anakumbuka ndoto za utotoni, nambari za vipuri, madeni ya kaka zetu wa Nyunzu. Hata jina la Papa Kyungu limemrudia, na la Joëlle, kana kwamba jina lake limeyakomboa. Jina lake tu ndilo hana. Nikimwandikia anasoma kama jina la mtu wa gazetini. Ukimwita, sauti inampita kama gari linalokwenda kwingine.

Anasema haoni uchungu wowote. Nadhani anasema kweli, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumapili, 30 Novemba

Mama hajanyoosha mikono. "Nitamuzaa tena," amesema, na asubuhi amemkalisha kitandani, akampaka mafuta utosini, akampa jina la kaka yake yeye Mama, marehemu: Valère. Firmin aliitika! Tulilia kwa furaha, tukamwita hovyo hovyo tu, Valère leta kikombe, Valère fungua dirisha. Kisha tukaenda misa. Tuliporudi lilikuwa limekwisha.

Jumanne, 2 Desemba

Asubuhi Mama amempa jina jingine, Jovial. Mchana akiitwa hageuki.

Jumamosi, 6 Desemba

Tumeligundua sasa. Jina linakaa naye muda wote ambao mtu analitamka. Tukinyamaza kwa muda wa kupika chai, linaondoka. Jana Mama alimwita kuanzia chakula cha mchana mpaka kuoga, kama anayesali rozari, na muda wote huo aliitika. Alipokohoa, likakatika.

Jumatano, 10 Desemba

Sokoni wamama walikuwa wanazungumza, wakaniona wakanyamaza. Nilikuwa nimeshasikia. Mmoja alisema: "Na yeye ziwa likimubeba, wataita nani?"

Mama amemkataza boti zote. Anatengeneza injini nchi kavu, kwenye meza, na Mama amekaa pale pale anachambua maharage.

Jumapili, 14 Desemba

Nimekuja nyumbani mara moja kuchukua maji na chumvi ya kusukutua koo, na naandika huku nimesimama.

Boti ya abiria kutoka Moba imezimika injini, tuliiona mbele ya bandari. Imejaa: kuna akina mama na watoto wa shule wanaorudi likizo. Upepo unaisukuma kwenye miamba, na wingu la kusini limekuwa jeusi kabisa. Fundi mwingine amesafiri Kigoma. Wanaume walikuja mbio mpaka kwenye meza yetu. Hakuna aliyethubutu kumwambia, walisimama tu wakiangalia chini. Mdogo wangu akaanza kukusanya spana.

Mama alimshika shati. Alimshika kwa mikono yote miwili, na yeye akaifungua taratibu. "Mama," akamwambia, "ile boti iko na majina mingi."

Basi Mama akafanya alichoweza. Walipokuwa wanasukuma mtumbwi wenye mashine majini, aliingia mpaka kiunoni na nguo zake za misa, akamlowesha utosi, akamwambia: "Valère. Uko Valère. Usikie." Na akaanza kuita.

Alikuwa anaitika. Kila tulipoita aliinua mkono, mgongo ukiwa kwetu, mpaka mvua ikaja ikatuzibia. Sasa hatuoni mtumbwi wala boti. Lakini hatujanyamaza. Tumepanga zamu: Mama, halafu mimi, Hubert, bibi, Marceline na nguo zake nyeusi, yule mwanamke wa makaburini, wamama wa mandazi. Lisikatike hata mara moja mpaka arudi, na kama harudi, bado lisikatike, maana ziwa litahitaji jina la kusikia.

Mama hana sauti tena, anatikisa midomo tu. Sasa ni Marceline, namsikia kutoka hapa licha ya mvua. Ameanza kukohoa. Naenda.